Gari la Michikichi ya Baba

Dukani kwa Saad, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Septemba 1997

Mke wangu Spesiosa,

Nimefika salama. Treni ililala Tabora bila maelezo, tukashinda stesheni tukila mihogo ya kuchoma, lakini nimefika, na mkoba wenye nyaraka zetu zote sikuuweka chini hata nilipokwenda chooni. Saad alikuja kunipokea. Ni yule yule Saad wa Ujiji tuliyecheza naye mpira, ila sasa ana kitambi na duka la vipuri vya magari ambalo halipungui watu. Amenipa chumba cha nyuma. Barua zako utume kwa sanduku lake la posta, atanipa.

Sasa gari. Spesiosa, magari ya mtumba ya Japani yamejaa mji huu kama dagaa wa ufukwe wa Kibirizi usiku usio na mwezi. Nimezunguka yadi hadi soli ya kiatu imeachia. Kuna Pajero moja nyeusi, ndani ina zulia. Nilikaa kwenye usukani wake nikajiona mkurugenzi. Mashirika ya huko kwetu yanakodi magari kila siku kupeleka watu wao kambi za wakimbizi, na mimi naona mtu wa shirika akiletewa gari kubwa atakuwa na imani na mwenye gari. Saad anacheka tu. Anasema gari kubwa lina heshima likiwa limesimama. Likianza kutembea, mwenye heshima ni mwenye kituo cha mafuta.

Bado sijaamua. Ile ni fedha ya shamba la michikichi la marehemu baba yako, sitaki kuinunulia kitu bila wewe kusema neno. Ulizia huko kwa watu wanaojua barabara zetu, uniandikie.

Usichote maji. Mwambie Mama nimesema mimi. Mtoto huyo nataka azaliwe akute gari mlangoni.

Mumeo,
Leodgar


Mwandiga,
25 Septemba 1997

Mume wangu Leodgar,

Nimefurahi umefika. Mama anakusalimu, anauliza kama Dar wanakula ugali au wanakula mikate tu.

Nimefanya ulivyoniagiza. Nilianza kwa fundi Feliksi pale njia panda, nikaenda mjini Mwanga kwa wauza vipuri, kisha nikasimama na madereva wa mashirika wanapokunywa chai. Wote, kila mmoja kwa maneno yake, wamesema achana na Pajero. Mafuta ya Kigoma yanaletwa kwa treni. Treni ikichelewa vituo vinakauka, na anayeendelea kufanya kazi ni mwenye gari linalokunywa kidogo. Dereva mmoja alisema mabosi wake wameanza kukataa magari makubwa kwa safari za watu wawili watatu, maana wanalipia mafuta wenyewe.

Feliksi anasema utafute RAV4, au Escudo ukiikosa hiyo. Vipuri vya Toyota vinapatikana hapa bila kuagiza. Liwe limeinuka vya kutosha kwa mawe ya njia ya Kasulu, na livute magurudumu yote manne kwa ajili ya tope la Manyovu. Lakini liwe la milango mitano. La milango mitatu ni la vijana; mtu mzima hawezi kupanda kwa kuruka viti, na Mama ana goti lake bovu.

Tena anasema ufike asubuhi na mapema kabla hawajaliwasha, uliwashe mwenyewe likiwa baridi, utazame moshi. Ukiwa wa bluu, ondoka. Ulale chini uchungulie kutu. Kilomita za kwenye saa ya gari usiziamini, wanazirudisha nyuma. Tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani: vikiwa vimelika na saa inaonyesha kilomita chache, huyo ni mwongo.

Jambo la mwisho si la gari. Wanajeshi wameonekana vijiji vya Manyovu. Inasemekana Warundi wote wanaokaa nje ya kambi watapelekwa kambini, waliokuja juzi pamoja na wa zamani. Nilimwambia Mama kwamba mimi nililetwa mgongoni mwaka sabini na mbili, hata kambi sijawahi kuiona ndani. Akasema mimi si Mrundi wala Muha, mimi ni mkwe wake, nikalale. Nimekuandikia ujue tu. Usiharakishe ukanunua gari bovu kwa ajili ya maneno haya.

Mkeo,
Spesiosa


Dar es Salaam,
6 Oktoba 1997

Mke wangu,

Barua yako nilimsomea Saad kwa sauti, na fundi wake akaacha kazi akaja kusikiliza. Akasema huyo mwanamke angekuwa na yadi yake angewafilisi wote.

Pajero nimeiacha. Nimekagua RAV4 sita. Ya kwanza ilitoa moshi wa bluu kama ulivyosema. Nyingine saa yake ilionyesha kilomita chache na pedali ilikuwa imelika hadi chuma. Mwenye yadi aliapa mbele yangu kwamba ilikuwa ya mwalimu mzee aliyekuwa akienda nayo kanisani tu. Nikamuuliza kama huyo mwalimu alikuwa akisali kwa kukanyaga breki. Nyingine ilikuwa nzuri kabisa lakini ya milango mitatu.

Jana nimepata yadi moja ya mtu muungwana. Ana RAV4 ya milango mitano, chini imekauka, hakuna kutu. Alikubali tuijaribu tukilipa mafuta wenyewe. Tulijaza tangi hadi juu, tukaenda Chalinze na kurudi, tukajaza tena. Spesiosa, imekula karibu nusu ya mafuta wanayosema inakula ile Pajero, na mlimani haikuhema. Nilitamani uwe kiti cha pembeni. Ana nyingine ya namna hiyo hiyo inashuka melini wiki mbili zijazo, anasema nisubiri nichague kati ya hizo mbili.

Kuhusu hayo ya wanajeshi, hayo ni maneno ya sokoni. Kila mwaka yanasemwa. Wewe ni mke wa ndoa wa Mtanzania. Nani atakugusa?

Mumeo,
Leodgar


Mwandiga,
12 Oktoba 1997

Leodgar,

Nakuandikia upesi, Bonaventura wa stesheni amesema treni ya leo itachukua barua.

Si maneno ya sokoni. Wamepita Mwamgongo kwa boti wakachukua familia nne, na mmoja wao ni mzee aliyekuwa na mashua zake pale tangu hatujazaliwa. Wanasema mwenye ndoa na Mtanzania aonyeshe cheti. Cheti chetu kiko kwenye mkoba uliokwenda nao. Njoo na treni ya wiki hii. Kama huwezi, kitie kwenye bahasha ukitume kwa rejista, au mpe mtu yeyote wa Kigoma anayesafiri.

Niliandika usiharakishe. Sasa naandika uharakishe.

Spesiosa


Dar es Salaam,
22 Oktoba 1997

Mke wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta hapo nyumbani Mwandiga ukiwa na afya njema, wewe na Mama.

Gari la pili limeshuka. Yote mawili ni mazuri, injini zake zinalia sawa, mafuta yanakula sawa. Moja ni jeupe, moja ni la kijani iliyoiva. Jeupe wanalipenda mashirika, lakini vumbi la Kasulu utaliosha kila siku. La kijani linaficha vumbi. Nimeshatoa arubuni, nimemwambia mwenye yadi nitamjibu baada ya kupata neno lako. Wewe ndiye mwenye gari. Chagua rangi.

Cheti nimekitazama, kiko salama. Naogopa kukitia posta, kikipotea tutakipata wapi tena. Nitakuja nacho mwenyewe, na gari. Si muda mrefu.

Wako,
Leodgar


Kambini, njia ya Kasulu,
9 Novemba 1997

Mume wangu Leodgar,

Barua yako ya rangi imenifikia. Mama ameileta akiwa juu ya lori la maharage, na goti lake. Siishi Mwandiga tena.

Walikuja Jumapili ya tarehe kumi na tisa, tulipotoka misa. Lori lilikuwa limesimama sokoni na watu walishakaa ndani, wengine na sahani zao mkononi. Askari mmoja mdogo, nadhani ni mdogo kuliko mimi, aliniuliza baba yangu alizaliwa wapi. Ningesema Kalinzi, au Kasulu, au popote. Nikasema Nyanza-Lac, ng'ambo ya mpaka. Sikuwa nimezoea kulificha jina la mahali alipozaliwa baba.

Mama alishika bodi ya lori akakataa kuiachia. Aliwaambia nimebeba mjukuu wake. Yule askari hakumsukuma, aliuliza tu kwa utaratibu kama nina cheti cha ndoa. Mama akasema kiko Dar es Salaam kwa mume wangu. Askari akasema, "Dar ni mbali, bibi." Nikaondoka na kanga niliyovaa na viatu vya kanisani.

Hapa tunalala chini ya turubai. Tunapewa mahindi na dengu, na maji ni foleni. Waliokimbia vita juzi wakisikia Kirundi changu wanacheka, wananiita Mtanzania. Ofisini naitwa Mrundi. Mwanamke mmoja, Ella, mwenye watoto watatu, amenipa nusu ya mkeka wake, basi ndiye jirani yangu.

Ofisa wa hapa amesema mke wa Mtanzania anaweza kutoka, mume akifika mwenyewe na cheti. Hakuna zaidi. Mama amekwishawaomba mara mbili wakamkatalia, wanasema yeye si mume.

Mwezi ujao najifungua. Umeniuliza rangi. Chukua yoyote, Leodgar, lakini panda treni. Gari litakuja lenyewe nyuma yako.

Mkeo,
Spesiosa


Dar es Salaam,
24 Novemba 1997

Mke wangu Spesiosa,

Barua yako imenipiga kama radi. Ndiyo kwanza nasikia habari hizi, na wala sikuwa nimeota jambo kama hilo. Nilikaa dukani kwa Saad nikashindwa kumhudumia mteja. Nimelia.

Nikueleze hali ilivyo. Gari nimelilipia lote, la kijani. Nasubiri namba, kisha nipate nafasi ya behewa. Nikiliacha hapa bila mtu, watang'oa redio, betri, hata taa. Mji huu hauna huruma. Na mvua ya mwaka huu umeisikia, maji yamebomoa tuta la reli, leo treni ipo, kesho haipo. Nikija mimi peke yangu nikakwama njiani, na gari likaibiwa huku, tutakuwa tumepoteza yote mawili.

Tena fikiria. Nikifika hapo na kiatu kilichoachia soli, nani atanisikiliza? Nikifika na gari, nikashuka, hata huyo ofisa atajua anaongea na mtu. Nataka nikutoe kwa heshima, ukae kiti cha mbele, si juu ya maharage. Vumilia kidogo. Wewe mwenyewe uliniandikia nisiharakishe nikanunua gari bovu.

Nimempa Saad pesa akutafutie nguo za mtoto. Zitakuja pamoja nami.

Wako anayeumia,
Leodgar


Mwandiga,
18 Januari 1998

Mwanangu Leodgar,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi mama yako Leonia sijui kuandika, wewe unajua. Anayeandika ni Bonaventura, na nimemwambia asipunguze neno wala asilipambe.

Mkeo amejifungua mtoto wa kiume siku mbili kabla ya Noeli. Alijifungua kwenye turubai, mvua ikiingia, akishikwa na mwanamke anaitwa Ella. Mimi nilikuwa njiani, lori limezama kwenye tope, nikafika mtoto ameshaoshwa. Amemwita Zénon, jina la marehemu baba wa mkeo. Usiulize kwa nini hakumpa jina la baba yako.

Siku ya kumwandikisha waliuliza baba yuko wapi. Hayupo. Basi wameandika mtoto ni Mrundi, mkimbizi, kama mama yake. Mjukuu wangu, Leodgar, amezaliwa mkoa huu huu niliokuzalia wewe, na ni mkimbizi.

Nilikwenda parokiani. Padri amefungua kitabu cha ndoa, akalikuta jina lako na lake, akanakili kwa mkono wake na kupiga muhuri. Sikujua kama inawezekana, au ningefanya tangu mwanzo. Alhamisi nakwenda tena kambini na karatasi hiyo, na Padri anakwenda nami kusema kwa ofisa. Mkeo akitoka, atatoka na sisi.

Wewe baki na gari lako.

Mama yako,
Leonia

Leodgar, mimi Bonaventura naongeza langu na Mama amekubali. Nimesoma barua uliyomwandikia Spesiosa ukisema ndiyo kwanza umesikia. Mama ndiye aliyenipa niisome. Nilikupigia simu kwa Saad Jumatatu ya tarehe ishirini Oktoba, asubuhi, kwa simu ya stesheni. Nilikwambia wamemchukua jana. Nilikwambia treni inaondoka Dar kesho yake na kwamba nimezungumza na karani mwenzangu akuwekee nafasi. Ulisema, "Sawa, nimesikia." Kisha ukamwandikia barua ya rangi, ukaipeleka kwenye nyumba uliyojua hayumo. Nimelazimika kumwambia Mama, na Mama amemwambia mkeo.


Mwanga, Kigoma,
2 Mei 1998

Mke wangu Spesiosa,

Nimekuja hapo nyumbani mara mbili na mara zote Mama amesimama mlangoni. Mtoto nilimsikia akilia ndani. Mtu hazuiwi kumwona mwanawe kwa mara ya kwanza, lakini sikutaka kumsukuma mama yangu mbele ya majirani. Kwa hiyo naandika, ingawa tuko karibu kiasi hiki.

Kuhusu simu ya Bonaventura. Ni kweli alipiga. Lakini simu ilikuwa inakatika, dukani kuna kelele, nilisikia nusu. Na hata ningesikia yote, arubuni ilikuwa imeshatoka, mwenye yadi alisema nisipomaliza mwezi huo imeliwa. Hiyo ilikuwa michikichi ya baba yako. Ungenikuta nimekuja mikono mitupu, ungesemaje? Nilidhani watakushika siku chache wakuachie, kama walivyofanya kwa wengine. Nikaona nisikutie hofu, niandike barua ya kawaida, mambo yakae yalivyo mpaka nifike. Mwanamume naye anaogopa, Spesiosa, ila hana mahali pa kusemea.

Gari lilishuka behewani hapa Kigoma mwezi wa tatu, bila mkwaruzo. Shirika moja limelikodi mwezi mzima mzima na wamelisifu. Linakunywa kidogo, halijazima njiani hata siku moja, na kwenye tope la Manyovu limewavuta wenye magari makubwa. Nimeajiri dereva, kijana anaitwa Selestini. Nimepanga nyumba ya bati hapa Mwanga, ina umeme. Rudi tukae. Nguo za mtoto nilizoleta nadhani zimeshakuwa ndogo, nitanunua nyingine.

Mumeo,
Leodgar


Mwandiga,
10 Mei 1998

Leodgar,

Gari tulichagua vizuri. Nalisikia likipita barabarani asubuhi, nalijua kwa sauti. Mwezi wa tatu lilipita pia kambini kupeleka wageni. Ella amenitumia salamu akaniambia limesimama karibu na bomba la maji ambapo nilikuwa nikipanga foleni. Nilishatoka. Najiuliza tu kama ningekuwa bado nipo, ungemwambia dereva asimame.

Nyumba ya Mwanga siji. Nakaa na Mama, nampalilia mihogo, tunaelewana.

Naandika kwa sababu moja. Mimi karatasi ya Padri imenitoa, lakini mtoto bado ameandikwa kule. Ofisa wa wilaya amesema anaweza kumfuta kambini na kumwandika mtoto wa Mtanzania, baba yake akifika mbele yake, kwa mwili wake, akaseme huyu ni wangu na kutia sahihi. Anasikiliza mashauri haya Jumatatu ya tarehe kumi na nane, na baada ya hapo anahamishwa. Atakayekuja hatujui atakuwa mtu wa namna gani. Wanasema huenda wasio na haki ya kukaa watachukuliwa tena.

Sikuombi pesa, wala sikuombi nguo. Njoo ofisini Jumatatu. Utamwona mtoto hapo, utampakata ukitaka, sitakuzuia. Uje mapema, watu huwa wengi.

Spesiosa


Mwanga,
17 Mei 1998

Spesiosa,

Nimepata barua na nimeielewa. Kesho shirika lina wageni kutoka Dar, wametaka niwe nao mimi mwenyewe kwa mazungumzo ya mkataba wa mwaka mzima, na wamesema asiyefika nafasi anapewa mwingine. Hayo pia ni kwa ajili ya mtoto. Nimewaomba wageni watumie gari jingine, hili nakutumia wewe. Selestini atakuwa mlangoni kwenu asubuhi. Mkae na Mama viti vya nyuma, mwende kwa raha. Mweleze ofisa hali halisi, mwombe nitie sahihi siku nyingine. Akiona gari atajua hamkutupwa.

Leodgar


Mwandiga,
19 Mei 1998

Leodgar,

Mtoto hakuandikwa. Nalisema mwanzo usije ukasoma mpaka chini ukitafuta habari njema.

Gari lilifika asubuhi kama ulivyosema. Selestini ni kijana mwenye adabu. Alishuka, akamwamkia Mama, akafungua mlango wa nyuma na kupangusa kiti kwa leso yake. Majirani walitoka kutazama. Mama alitazama ndani ya gari, kisha akatazama barabara. Alimwambia kijana tusubiri, huenda mwenyewe anakuja kwa miguu, maana zamani ulikuwa ukipenda kutembea. Tulisubiri mpaka nikaona tutachelewa. Selestini akasema kwa sauti ya chini, "Mama, bosi alisema haji." Mama akachukua fimbo yake tukaenda stendi. Sikumwambia asipande gari, hakupanda mwenyewe. Lilitufuata hadi mjini, tupu.

Ofisa si mtu mbaya. Alimchukua mtoto akampakata mwenyewe huku karani akitafuta kalamu. Aliuliza jina la mtoto, nikasema Zénon. Jina la mama, nikasema. Aliuliza huyu bibi ni nani, Mama akasema ni bibi mzaa baba. Yote aliyaandika. Halafu akauliza baba wa mtoto ni nani, yuko wapi, aingie.

Nilikuwa nimepanga maneno, Leodgar. Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga, ya kukutetea. Kwamba una mkutano, kwamba ni kazi, kwamba siku nyingine utafika. Nikayaacha. Nilikuwa nikimwona yule ofisa amempakata mwanangu vizuri, kichwa amekishika kwa kiganja, na nikakumbuka kwamba mwanamume wa kwanza kumpakata si baba yake wala babu yake, ni mtu anayehama wiki ijayo.

Dirisha lilikuwa wazi. Gari lako limesimama pale nje, kijani, safi, na Selestini akilifuta kioo. Mama akanyanyua mkono akalionyesha.

"Baba yake ni lile," akasema.

Ofisa akatabasamu. Alidhani ni Kiswahili chetu cha Waha. Akamsahihisha kwa upole, "Yule, mama. Mtu ni yule."

Mama akasema, "Nimesema lile."

Spesiosa